Kusini Juu

Kitabu kililetwa Jumanne ndani ya kiroba cha unga
kutoka seminari moja huko Kibosho:
nakala ya tarikhi ya zamani, mgongo umevunjika,
mchwa wamejichimbia njia toka jalada hadi jalada.
"Mama Aikande, wanaomba kiwe tayari kabla ya Pasaka."
Hakuna aliyeomba nikisome.
Kazi yangu ni uzi, gundi ya ngano, na subira.

Lakini ukurasa wa arobaini ulikunjuka mezani kama kanga,
na dunia nzima ikawa hapo, mviringo,
bahari imeizunguka kama mchuzi unavyozunguka ugali.

Nikaitafuta Moshi.
Nikafuata Nili hadi kwenye milima iliyochorwa kama meno,
na kando yake, mahali ambapo kwa hesabu yangu ni Pasua,
mchoraji ameweka mtu asiye na kichwa,
macho kifuani, mdomo kitovuni, anacheka.

Nilikuwa Pasua jana kununua uzi.
Vichwa vilikuwepo. Kimoja kilinidai mia tano.

Pembeni, padri fulani wa siku nyingi
amefasiri maneno ya mwandishi kwa penseli, tena kwa mizani:

   Naandika nilopewa,
   na haya nimeambiwa,
   na jua huko huliwa;
   Mungu ndiye ajuaye.

Nilibaki na neno hilo, nimeambiwa.
Mama yangu pia alikuwa na dunia ya kuambiwa.
Mombasa aliambiwa. Ulaya aliambiwa.
Mfongo aliujua kwa nyayo:
unapochepuka chini ya jiwe la akina Mamuya,
nani ana zamu ya maji Alhamisi hadi adhuhuri,
nani huyaiba usiku kwa kuziba na gogo la mgomba.
Kaskazini lilikuwa neno la redio.
Kwake kulikuwa na kupanda na kushuka, basi,
na mgeni aliyepotea alimwelekeza hivi:
maji yakija kukutana nawe, unapanda; endelea.

Sasa, ramani ile ilikuwa imepinduka.
Kusini juu, kaskazini chini,
nchi za Warumi zimening'inia kama popo.
Nikaigeuza taratibu,
kama unavyomgeuza mtoto aliyelala vibaya.

Lemburis, mlinzi wetu, akaingia kufuata chai yake.
Akaitazama, kikombe mkononi.
Akairudisha ilivyokuwa.

"Hapo kusini iko juu," nikamwambia. "Walikosea."
"Mimi nimezaliwa Kamwanga, upande wa pili.
Kwetu mlima uko kusini.
Ukitaka kwenda juu, unakwenda kusini.
Walikosea nini?"
Akamaliza chai, akatoka kwenda kufunga geti.

Miaka hamsini na mbili naamka chini ya mlima huu,
nauaga, nauamkia, naupimia mvua ya kuanikia nguo,
na sikuwahi kufikiri kwamba una mgongo,
wala kwamba mgongo wenyewe
huenda ndio huu ninaousalimia.

Njia ya mchwa ilipita huko huko,
baina ya milima ya meno na yule anayecheka:
tundu la ukubwa wa punje ya mtama.
Kuna mafundi ambao wangelijaza kwa wino,
wangechora kilima, mnara, jina la mfalme,
na baada ya miaka mia, nani angejua?
Mimi nilifundishwa kwamba kiraka kisijifanye ngozi.
Nikabandika karatasi nyeupe, nikaiacha nyeupe,
nikaigandamiza kwa matofali mawili hadi Jumatatu.

Nje, mlima ulikuwa umejifunika tangu saa nne.

Kisha, nakiri, nikachukua penseli.
Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo
ambazo Baba Gambera hataziona bila miwani,
nikaandika: Kamwanga.
Na chini yake: nimeambiwa.