Nimegeukia Kushoto

Safu nzima imegeukia kulia, mimi kushoto,
tukatazamana uso kwa uso na Mwanaidi Shekue,
miaka kumi na mmoja, pengo mbele,
mkanda wake wa njano umemzunguka mara tatu.
Hakucheka. Alinielekeza kwa kidevu tu:
huko, baba, huko.

Ni darasani, shule ya msingi, Chumbageni.
Madawati yamebebana ukutani,
ubaoni zimesalia hesabu za sehemu,
chaki imetuganda nyayoni.
Mtahini ametoka Dar kwa basi la alfajiri,
anakunywa soda, anaandika kwa wino mwekundu.
Ada elfu kumi na tano. Nimeilipa kwa sarafu,
akazihesabu mara mbili.

Haikukosea akili. Ilikosea miguu.

Miguu hii ilianza na karate,
mwaka themanini na nane, Barabara ya Kumi na Nne,
uani kwa Mhando, karani wa posta,
kwenye saruji iliyotuchubua magoti.
Tulihesabu Kijapani kwa lafudhi ya Kidigo,
ichi, ni, sani, shi,
jirani akitukemea kwamba tunamwamshia mtoto.
Mhando alisema ngumi hutoka kiunoni
na mkanda haufuliwi.
Akahamishiwa Tabora.
Rangi ya chungwa aliyoniahidi ikapanda naye treni.

Halafu judo, ndani ya ghala la mkonge,
magodoro yamejazwa makapi yaliyowasha kama upupu.
Miezi saba Kihiyo hakunifunza kumwangusha mtu.
Alinifunza kuanguka.
"Ipige ardhi kwa kiganja
kabla haijakupiga kwa kisogo."
Siku ya mtihani nilirushwa mara kumi na mbili
nikafaulu kwa kuinuka.

Kung fu siihesabu.
Hiyo tuliisomea kwenye kibanda cha video, Makorora,
tukatoka nje tunaruka,
nikamvunja binamu yangu Mbwana kidole gumba.
Kila harusi ananionyesha.

Na sasa taekwondo, kwa miaka hamsini na miwili,
kwa sababu daktari wa Bombo alisema sukari,
akasema tembea,
na kutembea bila kwenda mahali kunanitia huzuni.

Mtahini akaweka kalamu chini.
"Hiyo uliyofanya, umeisoma wapi?"
"Barabara ya Kumi na Nne."
Watoto wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.
Alinitazama miguu kwa muda,
kama mtu anayesikia lugha ya bibi yake
sokoni, kwa mgeni.
Kisha akaandika. Nyekundu.

Ubao wa msonobari: Mwanaidi aliupasua kwa teke moja,
ukalia ka! kama kuni ya jana.
Wangu nikaupiga. Nikaupiga.
Mara ya tatu kisigino kikaumuka kama andazi
na vijana wawili walioushika
wakaniomba radhi.

Rudi baada ya miezi mitatu.

Nikachukua baiskeli. Kwenye keria nina kilo kumi za unga,
kamba imekatika, nimeufunga kwa mkanda wangu mweupe,
fundo lile lile tulilofundishwa.
Karibu na Mikanjuni mbuzi akakata barabara
akiwa hana haraka,
na mimi nikawa hewani.

Kiganja kilitangulia.
Kisha bega, kisha mgongo wa duara,
nikajikuta nimesimama, ngumi kiunoni,
nimegeukia kushoto.

Muuza kachori akasonya: "Umelewa, mzee?"
Sikumjibu. Nilikuwa naukagua unga.
Mfuko haukupasuka.
Fundo halikulegea.

Nyumbani mke wangu Mwanakombo aliufungua,
akauona ulivyochafuka lami na grisi,
akauliza kama hiyo ndiyo rangi mpya.
Nikamwambia usiufue.
Alikuwa amekwisha uloweka.