Sakitu ya Jumanne

Ijumaa kengele ya mwisho ilipogongwa
(ringi ya lori, kwenye tawi la mgrevilea)
watoto tisini na wanne wa darasa la tano
walimwagika mlangoni
kama mahindi kwenye gunia lililotatuka.
Nikabaki na chaki mkononi, nikipiga hesabu:
kalenda ni moja, nchi nzima imefunguliwa lango saa ileile,
kila mwenye shangazi Makete
kesho atamkumbuka.

Jumamosi watajaa kule juu.
Jumapili, baada ya ibada, watajaa zaidi,
na masufuria ya pilau, na spika iliyofungwa kwenye keria.
Basi tulikaa zetu Mwanjelwa, tukikunja soksi.
Atuganile alinuna.
Lusekelo aliuliza mara saba
kama baridi huwa inaisha.

Jumatatu tukapanda na Fuso
lililoshusha viazi sokoni, likirudi tupu Matamba.
Kona hamsini na saba. Dereva, Mbilinyi,
kofia ya sufi hadi kwenye nyusi, alizihesabu kwa sauti,
akairuka ya thelathini na moja.
"Hiyo," alisema, "haipendi kutajwa."

Mama Tweve alitupa chumba, blanketi nne,
na dumu la mafuta lililopasuliwa katikati kwa panga,
kila nusu na kamba yake ya katani.
"Sakitu haina subira," alisema.
"Jua likishika ule mgongo, mtateleza kwenye matope."

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa njiani.
Nyasi zilialika chini ya viatu kama bisi,
pumzi zetu zilitutangulia.
Halafu mteremko, mweupe wote,
mweupe kama daftari la Januari,
na hakuna mtu. Hakuna mtu!
Nilitaka kupiga magoti.
Kulikuwa na mstari mmoja tu, mwembamba,
toka juu hadi bondeni.
Ng'ombe, nikasema moyoni.

Lusekelo alishuka akipiga yowe,
akafika chini chali, miguu juu,
akicheka na mawingu.
Atuganile alibaki kileleni, amekumbatia dumu lake.
"Baba, hapa hakuna foleni."
"Ndicho tulichokifuata."
"Sasa nitampita nani?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwalimu,
nimezoea kuulizwa yaliyomo kitabuni.

Hapo ukungu ukasema: "Shikamoo, mwalimu."

Skola Luvanda. Dawati la tatu, upande wa dirisha,
yule ambaye sauti yake siijui
kwa sababu wengine tisini na watatu wanayo.
Koti la babu yake, mikono imekunjwa mara tatu,
ndoo ya maziwa mkono mmoja,
na kwapani gunia la mbolea lililoshindiliwa majani makavu.
Aliweka ndoo chini, akaifunika, akalala kifudifudi juu ya gunia
na kuondoka
bila yowe, bila kamba, kichwa mbele,
akifuata mstari ule wa kwanza
mpaka nyasi zikammeza.

Atuganile alimfuata kabla sijasema neno.
Walishuka mara kumi, mara kumi na mbili,
na mara zote mwanangu alipitwa,
na mara zote alipanda akikimbia.

Jua likafika. Weupe ukarudi nyuma hatua kwa hatua
hadi ukabaki upana wa mkeka
kivulini mwa jiwe.
Kutoka barabarani tukasikia honi ya basi la kukodi,
kisha spika ikijaribiwa: moja, mbili, moja, mbili.
Nikaguna. "Wamekuja kutujazia."

Skola alikuwa akitoa majani kwenye nywele.
"Mwalimu," alisema, taratibu,
kama mtu anayesoma tarehe ubaoni,
"mimi likizo zote hapa huwa niko peke yangu."

Akachukua ndoo yake.
Lusekelo akauliza kama kesho tunaruhusiwa.
Alimtazama, akanitazama,
akahesabu, nadhani, vichwa vyetu.
"Njooni," alisema. "Lakini mapema."