Shubiri Mbili

Arua, saa moja asubuhi, wodi ya kina mama.
Nimepewa kalamu, kibao cha kuandikia,
na fomu ya maswali arobaini na mawili
iliyopigwa chapa Kampala.
Kazi yangu kupima. Nimeonywa:
mpimaji hatibu, hagusi, hasogezi kitu.

Kitanda cha kumi na nne, Ayikoru Rozalia.
Umri? "Nilizaliwa mwaka nzige walipomaliza mtama."
Nikaandika themanini.
Kisanduku hakili nzige.

Swali la tano: Je, mgonjwa hugeuzwa kila saa mbili?
Usiku muuguzi ni mmoja, vitanda thelathini na sita.
Anayemgeuza ni Candiru,
aliyekuja kumuuguza mamake, kitanda cha pili yake,
na hulala sakafuni, katikati ya wawili hao, mkekani.
Godoro likilia upande wowote, huamka.
Humpaka bibi mafuta ya shea, visiginoni, kiunoni.
Hana kidonda hata kimoja.
Hospitali imepata alama tatu kwa tatu.
Candiru amepata chai ya rangi, nusu kikombe;
nusu nyingine alimpa bibi.

Swali la tisa: Je, anatembea?
Hatua nne, hadi dirishani, akiegemea kiti.
Fomu inaanzia siku ya kulazwa,
kana kwamba alizaliwa hapa, juu ya shuka la serikali.
Haijui kuwa mwezi uliopita tu
alikwenda soko la Vurra kwa miguu,
karai la muhogo kichwani,
akagombana na mnunuzi, akarudi na chumvi na ushindi.
Nikiandika "anatembea," namdhulumu.
Nikiandika "hatembei," namzika.

Swali la kumi na moja, la akili.
"Mama, leo ni siku gani?"
Akanitazama kama mtu aliyepewa sarafu bandia.
"Wewe una simu yenye kalenda,
waniuliza mimi?
Leo ni siku ya nne tangu miwani yangu ipotee
kule chumba cha eksirei."
Jibu lililotakiwa ni Alhamisi.
Nikatia alama ya kosa.
Kisha nikahesabu kwa vidole, nikianzia Jumatatu.
Nne kamili.

Swali la kumi na tisa: maji, je, anayafikia?
Kikombe cha bati kiko juu ya kabati,
kimejaa tangu jana, kimeshika vumbi.
Kwenye faili imeandikwa, na ni kweli: maji amepewa.
Nikamwomba anyoshe mkono.
Nikapima kwa mkono wangu,
kutoka ncha ya kidole chake hadi kwenye mpini:
shubiri mbili.
Midomo yake imepasuka kama tope la Februari.

Nikatazama mlango.
Nikakisogeza.

Alikunywa kwa vituo, macho kafumba,
akakirudisha mwenyewe, pale pale ukingoni,
akaacha mkono juu yake
kama mtu anayemshika ndama asikimbie.

La kumi na tisa, basi: Ndiyo.
Msimamizi atasema wodi imeimarika tangu mwezi jana,
atachora mstari unaopanda.
Nami nitanyamaza. Au nitasema; sijui bado.
Fomu ina pambizo nyembamba, haisomwi na mtu.
Humo nimeandika kwa penseli: Candiru. Mafuta. Miwani, eksirei.
Halafu nikaenda kitanda cha kumi na tano,
na kabla ya kuuliza jina
nikatafuta kikombe kiko wapi.