Tarehe Thelathini na Moja Septemba

Kwenye benchi la msaada wa sheria, Gongoni,
nimekaa na kikapu magotini.
Ndani: kanga ya mama yenye doa lisilotoka,
picha tatu nilizosafishiwa stendi,
na karatasi ya mapokezi niliyoitia dole gumba.
Hapana. Niliandika jina langu lote,
Nyamizi Lugembe, kwa mwandiko mzuri.

Bi Zamda Kitunzi havai joho, si wakili;
ana miwani iliyofungwa uzi
na feni inayogeuza uso kila swali likiulizwa.
"Anza mwanzo," anasema. Mwanzo ni upi?
Ni asubuhi mama alipotia chai chumvi mara tatu?
Ni msimu ule wa tumbaku, mimi niko Urambo
nachambua majani kwa madaraja,
yeye nyumbani anawasha jiko asilolizima?
Majirani walisema: kamtupa mamaye.
Nikasema: nimempeleka penye vitanda.

Vitanda vilikuwepo. Hilo siwanyimi.

"Kidonda ulikiona lini?"
Sina tarehe, Bi Zamda. Nina vitu.
Siku niliyopeleka asali ya Sikonge
kilikuwa sawa na kifungo cha shati.
Siku ya kumbikumbi
kilikuwa sawa na kifuniko cha chupa ile ya asali.
Siku treni ya Mpanda ilipochelewa nikalala stesheni,
kilikuwa na midomo.
Wakaniambia: wazee hujikuna.
Mgongoni? Kwa mikono isiyofikisha kijiko kinywani?
Wakaniambia: dada, punguza sauti, hapa kuna wagonjwa.

Anaandika. Kalamu yake haina haraka.
"Kifungo cha shati ni kipimo.
Treni, watu wa reli wana daftari; tarehe tutaipata."
Kumbe hata kulala kwangu sakafuni
kuna mahali kumeandikwa.

Kisha anafungua bahasha ya kaki ya Ustawi wa Jamii,
nakala za daftari la kugeuza wagonjwa.
Tiki, tiki, tiki, kila baada ya saa nne,
wino mmoja, mkono mmoja, mlalo mmoja.
Kalunde kageuzwa. Kalunde kalishwa. Kalunde kaogeshwa.
Kidole cha Bi Zamda kinashuka, kinashuka, kinasimama.
"Soma hapa."
Tarehe thelathini na moja, Septemba.
Mama yangu aligeuzwa mara sita
katika siku ambayo Mungu hakuiumba.

Nilicheka. Nisameheni,
nilicheka mpaka mlinzi akachungulia.
Siku hiyo iko wapi, nimhamishie mama?
Huko shuka ni kavu, uji una maziwa,
huko mtu akiita usiku anaitikiwa.

Aliyejaza ni Skolastika,
mmoja kwa wazee ishirini na sita,
mwezi wa tatu huo hajaona mshahara.
Ndiye aliyenipigia saa nane usiku,
akinong'ona: njoo umchukue.
Simtaki kizimbani peke yake.
Bi Zamda anavua miwani, uzi unaning'inia.
"Hapo ndipo kesi inapoanzia.
Tunamtafuta aliyempa kalamu
akamnyima mtu wa kushika naye upande wa pili wa shuka."

Wakili atakuja Alhamisi, hatudai senti.
Hakimu, ananionya, hawezi kurudisha nyama iliyokwenda.
Anaweza kuuliza kwa sauti, mbele ya watu,
na wao wakalazimika kujibu.
Natia sahihi. Safari hii nasoma kwanza,
mpaka yale maandishi madogo ya chini.

Usiku, Kiloleni, namgeuza mama aelekee ukutani.
Mwepesi, kama kapu lililokwishauzwa karanga.
Saa sita na robo: naandika
nyuma ya kalenda ya duka la mbolea.
Saa kumi nilipitiwa na usingizi.
Nimeandika hilo pia.