Hatua Mia na Kumi na Moja

Chini ya jengo letu, Tampere, mwezi wa pili,
stoo namba kumi na nne inanuka mafuta ya mashine
na soksi za baba zinazokaukia juu ya bomba la maji moto.
Mashine ya kukereza ilikuja kwa meli kutoka Uingereza
ikifikiri kwa inchi.
Sisi tunaishi kwa milimita.
Ili tupatane nayo inatakiwa gia moja
yenye meno mia moja ishirini na saba.
Si ishirini na sita. Si ishirini na nane.

Namba tasa hiyo,
haigawiki ila kwa moja na kwa nafsi yake.
Neno nalijua. Niliwahi kulisikia likinong'onwa
karibu na keki, harusini kwa binamu yangu.

Baba ana sahani tatu za matundu
tangu enzi za kiwanda cha nguo:
zungusha mkono, hesabu matundu, chomeka pini, kata jino.
Hakuna hata moja yenye mia na ishirini na saba.
Na kidole chake siku hizi kina hesabu zake,
kinatetemeka tundu hadi tundu
kama mgeni anayebisha hodi nyumba asizozijua.

"Nunueni kilicho tayari," akasema shangazi Hilkka.
Tukaangalia bei. Tukafunga kompyuta.

Mota niliipata kwa Jarno,
aliivua kwenye mashine iliyokuwa ikibandika lebo za jibini.
Umeme ni wa kompyuta iliyotupwa.
Kibao chenye akili kilinigharimu
vikombe viwili vya kahawa na andazi la mdalasini.
Nikalehemu usiku, moshi ukinipanda puani.
Mara ya kwanza mota haikuzunguka, ililia tu,
mbu aliyefungiwa ndani ya kopo.
Nikabadilisha jozi za waya.
Ikageuka.
Baba, ambaye hasifu, akasogeza kiti.

Mota hupiga hatua mia mbili kwa mzunguko,
kila hatua nimeikata vipande kumi na sita,
na skrubu iliyomo kichwani huzunguka mara arubaini
ndipo chuma kizunguke mara moja.
Vipande laki moja na ishirini na nane elfu.
Gawa kwa meno: elfu moja na saba,
panabaki mia na kumi na moja.

Nikavitupa.
Kipande kimoja hakifiki hata sehemu ya kumi ya unywele,
nani atakidai?

Tulikata kutwa nzima.
Jioni baba akapitisha kidole kwenye meno, polepole,
kidole kile kile,
na penye jino la mwisho kikatulia.
Lilikuwa limenenepa kwa unene wa ukucha.

"Hukuvitupa," akasema. "Umevirundika hapa."
Kisha, akijifuta mikono:
"Kiwandani tulipogawana mkate,
chembe zilizobaki hakuzila mwenye kisu.
Zilimfuata wa pili, zikamfuata wa tatu,
mpaka zikatosha kuitwa kipande."

Haba na haba. Nikaweka kibaba ndani ya programu:
kila jino, tia mia na kumi na moja;
kikifika mia na ishirini na saba
ongeza hatua moja, punguza kibaba, endelea.
Mistari minne. Wiki nzima nilikuwa sijaiona.

Gia ya pili aliikata yeye.
Kitufe kimoja, chekundu, cha kengele ya mlango.
Kidole kilibonyeza, kikabonyeza tena bila kutumwa,
na mota haikuruka jino hata moja,
kwa sababu nilikuwa nimeiambia
isisikie mbonyezo wa pili mpaka sekunde mbili zipite.

Mstari huo sijamwonyesha.

Sasa mashine inakata nyuzi za milimita bila kubisha.
Gia ya kwanza, yenye lile jino nene,
iko msumarini karibu na mlango.
Tunatundikia funguo za baiskeli.