Agosti ya Ukutani

Pikipiki ilituacha chini, kwenye daraja la magogo,
sisi watatu: mimi, kilo mbili za sukari, na jua.
"Mlima huu unakula breki," dereva akasema,
akageuza kuelekea Bukavu, akatuachia vumbi lake.
Nikapanda. Sukari mkononi,
jua mgongoni kama mtoto asiyetaka kushuka.

Kiangazi cha juu ya Nyangezi hakina haya.
Kimevivua vilima nguo mpaka mbavu,
kimekausha hata matope tuliyoyatukana Aprili.
Mabati yanajinyoosha, ta, ta,
na juu yake mihogo imeanikwa, nyeupe, inauma macho.
Milango imefungwa. Watu wako bondeni, kwenye mboga na maji.
Mbwa mmoja kivulini alifumbua jicho,
akanipima,
akaona sistahili kubwekewa.

Shangazi M'Cirimwami alikuwa gizani, miguu ndani ya beseni.
"Umeiva," akasema. "Keti. Usiniguse, una moto."
Akanipa maji yenye ladha ya moshi.
Macho yalipozoea nikaiona, pale pale pa siku zote:
kalenda ya masista, Agosti 1996,
kijiji cheupe kimeng'ang'ania mlima
kama mbuzi aliyepanda akasahau njia ya kushuka.

Aliyempa ni Sista Remedios, Mhispania wa zahanati,
aliyewaambia wote pole, hata kuku.
"Kwetu ni hapa," alisema siku ile,
akagusa dirisha moja kwa kidole chenye iodini.
Akaitwa arudi kwao kabla mwezi haujaisha.
Shangazi hakuifungua Septemba.
Oktoba, walipokimbia kupitia migombani,
aliikunja mara nne, akaitia kifuani
pamoja na kadi za ubatizo za watoto.
Mikunjo ipo bado. Mmoja umepasua mnara wa kanisa.
Mwingine umekuwa barabara.

"Twende basi, tukatembee," akasema,
akachukua kijiti cha mtama, hakutoa miguu majini.
"Hapa ni kwa M'Rwizibuka, mjane, mgomvi wa kisimani.
Hii yenye maua mekundu ni ya fundi cherehani; amelewa, tusibishe hodi.
Sasa ngazi. Polepole, jua la huku ni kali kuliko letu,
huoni hata kivuli kimejibana ukutani?"

"Na watu?"
"Wamelala. Sista alinieleza.
Saa nane mchana kijiji kizima kinalala,
wanaume kwa wanawake, mchana kweupe!"
Akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika.
"Sasa nani anawakatia mbuzi majani?"

Tulipanda. Nakwambia kweli, nilihema.
Kijiti kilisimama mbele ya dirisha la Sista,
na mahali pale karatasi imelainika, imepauka,
kwa kuguswa miaka yote hiyo.
Hatukubisha hodi hapo pia.

"Migomba siioni," nikasema.
Akanyamaza. Nadhani hilo lilikuwa swali lake la zamani.
"Ndiyo maana wengine wakaondoka kwenda kwa watu," akajibu.
Kisha, bila kunitazama:
"Simu yako hiyo, haiwezi kuona kama pako bado?"

Nikasogea kutafuta jina la kijiji.
Lilikuwa limeandikwa chini, pembeni,
pale mende walipokula.
Palibaki herufi mbili tu, na hata hizo sina hakika.
"Haiwezi," nikasema.
"Basi weka. Inakula moto bure."

Saa kumi jua lililegea, nikateremka na mfuko mtupu.
Pale darajani niligeuka nyuma:
mlima umejaa mabati, mabati yamejaa weupe wa mihogo,
nami nikainua kidole kutafuta nyumba yake,
nikahesabu kutoka chini, ya tatu, ya nne,
nikapotea, nikaanza upya.
Huko juu yule mbwa akabweka,
mara moja tu,
kama mtu aliyekumbuka kitu baada ya mgeni kuondoka.