Daftari la Faini

Kwetu Pangani neno hili tulilipata na maana moja tu,
kama mtu aliyeokota kiatu kimoja njiani.
Faini ni fedha. Mbuzi kaingia shamba la jirani, faini.
Baiskeli haina taa, faini. Mjomba Sekiboko
alilipa tatu kwa mwezi mmoja, risiti akazibandika ukutani
kama picha za harusi.

Basi fikirini asubuhi ile ya kwanza, Grimsby,
Januari, saa mbili na giza bado halijaondoka,
nagonga mlango wa Bwana Blenkin, miaka themanini na sita,
naingia na glavu zangu na daftari la wakala,
namuuliza kwa Kiingereza cha darasani: U hali gani?
Naye, mguu umevimba kama kiazi kikuu,
chai ya jana imeshika ubavuni pa kikombe,
akanijibu: Faini.

Nikadhani ananidai.

Kazi yangu ni kuandika. Kisanduku cha hali ya mteja:
faini. Jumanne, faini. Alhamisi hakulala,
niliona kwa macho yake, na bado faini.
Daftari likawa kama la mahakama ya mwanzo.

Kisha neno likaanza kuniletea ndugu zake.
Mvua ile isiyonyesha wala kuacha,
manyunyu kama yaliyochujwa kwa kitambaa, faini.
Nywele za mjukuu wake Tamsin, faini.
Maandishi ya chini kabisa ya mkataba wangu,
madogo kama mayai ya chawa,
yaliyosema muda wa njiani haulipwi:
nayo faini, na ndiyo hasa niliyopaswa kuyasoma.
Alinionyesha mkono uliopasua samaki bandarini miaka arobaini,
kidole cha shahada hakina ncha,
akanieleza ile mifupa ya ubavuni inayokwepa kisu
ikamsubiri mtu kooni.
Faini, alisema. Faini sana.

Jumapili binti yake hupiga simu kutoka Leeds.
Wanapimiana maneno kama wauza dhahabu
mpaka mzee anasema Faini! na simu inatua kwa kishindo.
Hapo nimejifunza kukaa jikoni
nikifuta sinki ambalo nilishalifuta.

Msinielewe vibaya, siwacheki.
Sisi nasi tunayo yetu. Hujambo? Sijambo,
na jambo limekaa pale pale begani kama mtoto mwenye homa.
Habari za nyumbani? Njema,
ila bati limeng'oka, ila bibi hali chakula,
ila Kibwana karudishwa shule kwa ajili ya mchango.
Njema yetu ni kizingiti, unakivuka ndipo uzikute habari.
Yake ilikuwa ukuta,
tena uliopakwa rangi.

Mwezi wa tatu nikachoka. Nikamwambia:
Bwana Blenkin, kwetu faini hulipwa.
Umeshajitoza themanini na mbili, nimehesabu.
Akatazama dirisha, manyunyu yakishuka.
Nimlipe nani?
Mimi. Moja moja. Unaanza na ila.

Aliguna. Akanisogezea kisahani cha biskuti.
Ila, akasema, akilitamka kama jina la mwanamke
aliyewahi kucheza naye dansi. Ila mguu.
Birika likachemka, likajizima.
Ila usiku.

Nikaandika kisandukuni: mguu. usiku.
Mchana wakala wakapiga simu. Wanauliza hii ni nini,
mbona si kawaida, je, kuna tatizo,
na mimi mwenyewe, nikoje?
Nilikuwa kituo cha basi, soksi zimelowa,
muda ule haulipwi,
nikausikia mdomo wangu ukijibu bila kuniuliza:
Faini.